Mafundi wa Mikoko wa Gazi

Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti. Hurefuka ikining'inia, ncha ikitazama chini, na ikiiva hudondoka topeni. Mpandaji mzoefu wa Gazi, pwani ya Kwale nchini Kenya, hachukui kila anachokiona. Huangalia pale mbegu inapoungana na tunda: pakiwa na pete ya manjano, imekomaa. Iliyotobolewa na wadudu huiacha. Kisha huichomeka iliyo nzima kwenye tope bila kuizamisha mno, na kazi ya mikono inaishia hapo.

Kazi ngumu imeshafanyika kabla, na ilifanywa kwa macho. Kila aina ya mikoko ina mahali pake: mlilana hupenda ukingo wa bahari. Mkoko wenyewe hukaa nyuma yake. Mkandaa husogea bara, pale ambapo maji hufika wakati wa bamvua tu. Mchu ni mkaidi, utaukuta mbele na nyuma. Anayepanda lazima ajue maji hujaa hadi wapi, hukaa saa ngapi, na wakati wa maji mafu panabaki pakavu kiasi gani. Ndiyo maana sivutiwi na picha za umati uliovaa fulana mpya, ukichomeka miche maelfu kwa asubuhi moja kwenye tope tupu la mbele. Pengine hapakuwa na mikoko pale kwa sababu mikoko haitaki kuwa pale. Fundi hujulikana kwa mahali alipokataa kupanda.

Watu wa Gazi walijifunza hayo polepole. Mikoko yao ilikatwa sana kwa ajili ya kuni za viwanda katika miaka ya 1970, na majaribio ya kupanda upya yakaanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanakijiji wakishirikiana na watafiti wa taasisi ya bahari na uvuvi, KMFRI, akiwemo James Kairo. Mwaka 2013 ukaja mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni, unaouza hewa ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za msitu, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya hekta hizo ni msitu wa asili. Iliyopandwa ni kidogo. Kwa hiyo fedha nyingi hulipia ulinzi wa miti iliyopo, jambo lisilopendeza kwenye picha.

Na hewa haiuzwi kwa maneno. Inapimwa, na hapo pana ufundi wa pili ninaoustahi sawasawa na ule wa topeni. Mti wa kawaida hupimwa unene usawa wa kifua cha mtu, mita 1.3 kutoka ardhini. Mkoko umesimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa, kwa hiyo utepe hupanda mpaka sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho. Mpimaji huyumba juu ya mizizi, tope likimfika magotini, akisoma namba kwa sauti ili mwenzake aandike. Miti ile ile hurudiwa baadaye. Ukikosea kidogo hapo, tani zinazouzwa kupitia shirika la hisani la Scotland zinakuwa za kukisia.

Mapato hujadiliwa barazani. Yameingia kwenye maji ya bomba na shule, na mradi ukapata tuzo ya Equator mwaka 2017. Bei ya tani, hata hivyo, hutegemea soko la mbali, na hilo halinifurahishi.

Ninachokipenda zaidi ni shamba la mivinje. Nyumba za pwani zinataka boriti na fito, na mkataji wa mikoko hawezi kuambiwa asijenge. Basi watu wa mradi wakapanda mvinje, mti mgeni unaokua upesi, ili shoka lipate pa kwenda. Wapenzi wa miti ya asili hukunja uso wakiuona. Wajenzi wanaununua.