China ya foto na China ya Ibn Battuta

Wenzangu, wasomi watatu waliorudi toka China wametuandikia mwaka huu. Nilisoma zote tatu mpaka mwisho, na ukizikata na kuzichanganya hakuna atakayejua ya nani ni ipi. Ukuta Mkubwa. Treni ya Beijing mpaka Shanghai, kilometa 1,300 hivi kwa saa nne na nusu. Majengo yanayowaka taa usiku. Halafu foto ya wadudu waliochomekwa kwenye kijiti, na maneno chini yake: "Hapa nilikimbia, hahaha." Mwisho: wametuacha mbali, tuamke.

Mimi sijafika China. Natoka Shabunda, na wanaojua ile njia ya Burhale wanaelewa kwamba hata kufika Bukavu kwetu ni safari ya kuandikia kitabu. Kwa hiyo siwezi kusema wamedanganya. Neno langu ni lingine: walienda mbali hivyo, wakatuletea kile tulichokuwa nacho tayari kwenye telefone.

Ili nisionekane mtu wa wivu tu, nimewaletea msafiri mwingine tulinganishe. Ibn Battuta alitoka Tangier, Moroko, mwaka 1325, akiwa na miaka 21. Mwaka 1331 alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Miaka kumi na kitu baadaye alikuwa China. Aliporudi kwao, mfalme aliagiza habari zake ziandikwe, na kitabu kilimalizika 1355 kwa mkono wa mwandishi Ibn Juzayy.

Angalieni namna anavyokula Mogadishu. Anataja wali uliopikwa kwa samli, umewekwa kwenye sahani kubwa ya mti, na juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga. Anataja ndizi mbichi zilizopikwa ndani ya maziwa, malimau na pilipili za kuchachusha, tangawizi mbichi, maembe. Anakwambia hata wenyeji wanakula kiasi gani (wengi sana, anasema, na wamenenepa). Ukisoma, mate yanakutoka. Njo kusafiri ile, bwana: mtu amekaa chini, amekula, ameuliza hiki kinaitwa nini.

Akifika China, ni mtu mwingine. Kuku anamshangaza: anasema walinunua mmoja, chungu kimoja hakikumtosha, wakampika kwa vyungu viwili. Vyombo vya kauri anavisifu, na anashangaa kwamba kule bei yake ni kama ya vyungu vyetu vya udongo, au hata chini. (Vyombo vile watu wa Kilwa walivijua vizuri, vipande vyake wanavichimbua mpaka leo.) Lakini chakula chenyewe, chakula cha Wachina? Nguruwe na mbwa vinauzwa sokoni.  Anakiri mwenyewe kwamba mambo mengi yalimchukiza, akawa anashinda nyumbani na kutoka kwa lazima tu. Kuna wasomi wanaoona mashaka hata kama alifika Beijing kweli. Mimi hilo silisemi sana. Ninachosema ni kwamba ile "nilikimbia, hahaha" ina miaka karibu 700.

Ila kuna kitu alifanya ambacho wenzetu hawakufanya. Aliangalia namna nchi inavyofanya kazi. Anaeleza pesa za karatasi, ukubwa wa kiganja, na kwamba sokoni huwezi kununua kitu kwa dhahabu au fedha mpaka uibadilishe. Mtu wa Shabunda akisoma hapo lazima asimame, maana kwetu dhahabu inanunua mpaka sabuni. Anaeleza nyumba za wageni: mkubwa wa nyumba anaandika majina ya wasafiri, usiku anafunga mlango, asubuhi anawahesabu. Anaeleza wachoraji waliochora sura yake na wenzake bila wao kujua, picha zikabandikwa sokoni, ili mgeni akifanya kosa akimbilie wapi. Leo mgeni anaandikishwa kwa polisi ndani ya saa 24, na kamera ziko kila kona. Wenzetu watatu wote wamepita mule. Hakuna aliyeandika mstari hata mmoja. Tungependa kujua: inakupa usalama au inakubana koo? Au vyote viwili?

Na sasa lile la wadudu, ndilo linaloniuma. Nilipofika Bukavu kusoma, wenzangu wa darasa walinicheka mwaka mzima: eti watu wa msitu, mnakula nyani, mnakula nyoka, mnakula viwavi. Nikaanza kukataa kumbikumbi mbele ya watu, na nilikuwa ninazipenda. Halafu mwaka 2014 na 2015 Wachina na mashine zao walikuwa kwenye mto Ulindi, wanachota mchanga kutafuta dhahabu. Ripoti ya Global Witness ya 2016 imeeleza namna utajiri ule ulivyopita bila kukaa kwetu. Sisi wenyewe tulisema nini juu yao? Kwamba wanakula mbwa wetu na vyura wetu. Kijiji kizima kiliongea sahani yao. Dhahabu ilikuwa inaenda wapi, kwa karatasi gani, imesainiwa na nani, waliouliza walikuwa wachache. Ndiyo maana nikiona ile foto ya kijiti siwezi kucheka vizuri.

Yaya mmoja kati ya wale watatu nilienda kumuona, maana ni mtu wa kwetu. Tulikula sombe na sambaza kwake, na nikamwambia haya yote usoni. Hakukasirika. Alisema wiki tatu za kwanza alikula mkate na ndizi ndani ya chumba, kila kitu alikiogopa. Mama mmoja muuza tambi chini ya jengo lao alimuona anapita kila siku, siku moja akamshika mkono, akamkalisha, akampa bakuli bila kumlipisha. Ilikuwa na majani machungu kidogo, karibu kama yetu. Alirudi kwa yule mama kila jioni mpaka akamaliza masomo. Na siku moja, ndani ya treni ya chini ya ardhi ya Guangzhou, alisikia mtu anaongea Kiswahili cha Bukavu kwenye telefone. Alimfuata vituo vinne visivyokuwa njia yake, akalia mbele yake.

Nikamuambia: Ibn Battuta naye, kule kule China, alikutana na mtu wa Ceuta, karibu na kwao, wakalia wote wawili. Iko ndani ya kitabu. Wewe mbona hukuandika?

Akacheka. "Mdogo wangu, watu wanataka Ukuta."