Juma la Siku Saba: Kinachowakalisha Watu Mbele ya Heroes III

Heroes of Might and Magic III ilitoka mwaka 1999, kazi ya New World Computing, studio ya Marekani iliyoanzishwa na Jon Van Caneghem. Hadi leo wapo wanaokesha nayo, ingawa kompyuta zao zina uwezo wa kuendesha michezo yenye picha za kupendeza kuliko ile. Wengi hudai ni kumbukumbu za ujana tu. Sikubaliani nao. Kumbukumbu humrudisha mtu mara moja, mbili, kisha zikaisha utamu. Kinachomkalisha hapo miaka yote ni hesabu ya siku.

Kila mchezo wa zamu una tatizo moja la kuzaliwa nalo: hakuna anayemkimbiza mchezaji. Anaweza kukaa ngomeni, arundike jeshi, kisha atoke akiwa na hakika ya ushindi. Heroes III hulitibu tatizo hilo kwa kalenda. Zamu moja ni siku, siku saba ni juma, na askari wapya hupatikana mijini siku ya 1 ya kila juma. Mji mmoja huruhusiwa jengo moja tu kwa siku. Hapo ndipo mchezaji anapobanwa. Kasri, ambalo ni hatua ya mwisho ya kuimarisha boma, huongeza maradufu idadi ya askari wanaozaliwa: wabeba mikuki 14 wa juma huwa 28, malaika mmoja huwa wawili. Likikamilika siku ya 7, faida yake inaonekana kesho yake asubuhi. Likikamilika siku ya 1, umekosa, usubiri juma zima. Kwa hiyo dhahabu 5,000, mbao 10 na mawe 10 ya madini unavyovihitaji vina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ndiyo inayokutuma porini siku ya 4 kupigania machimbo ambayo ungependa kuyaacha hadi uwe na nguvu.

Huko porini unakuta walinzi, na mchezo haukuambii idadi yao kamili. Ukiwachungulia kwa kawaida, unaona neno tu. Neno moja hufunika kuanzia 20 hadi 49, jingine 50 hadi 99, jingine 100 hadi 249. Tofauti kati ya 50 na 99 ni tofauti kati ya kupoteza askari wachache na kulipoteza jeshi, na unatakiwa kuamua leo kwa sababu juma linakwisha. Naona huu ni ubunifu mkubwa kuliko majoka na mapepo yote yaliyochorwa humo.

Mwendo nao umefungwa kwenye kalenda hiyohiyo. Kila asubuhi shujaa anayeongoza jeshi hupimiwa hatua zake kwa kasi ya askari wake mzito kuliko wote, kisha nyika, theluji na kinamasi humla hatua kwa viwango tofauti. Kinamasi hugharimu 175 pale ambapo nyasi hugharimu 100. Lakini hatua ni mali ya shujaa, si ya jeshi. Wachezaji waliobobea hupanga mashujaa kadhaa njiani: wa kwanza akichoka humkabidhi jeshi wa pili ambaye bado hajasogea, naye humkabidhi wa tatu. Jeshi lile lile linavuka nusu ya ramani kwa siku moja. Gharama yake ni dhahabu 2,500 kwa kila shujaa wa ziada, fedha ambazo zingejenga kitu mjini.

Vitani, kwenye uwanja wa pembesita 15 kwa 11, kanuni inayobeba mzigo ni ndogo mno: kikosi kikishambuliwa hujibu pigo mara moja tu kwa kila mzunguko. Basi unamtenga askari mmoja kutoka kundi kubwa, unamtuma apige kwanza, adui anamalizia jibu lake kwa huyo mmoja, na kikosi chako kikuu kinapiga bila kuguswa. Kutoka hapo kila kiumbe hupata tabia kwa kuivunja kanuni. Griffini hujibu mara mbili. Mnyonya damu hupiga na hajibiwi kabisa. Huhitaji kusoma hadithi yoyote ili uwaogope, hesabu inatosha.

Kasoro zipo. Ufundi wa kufufua wafu huwapa wachawi wa makaburini mifupa mingi mno kila baada ya vita, na kompyuta kama mpinzani haina ujanja mrefu.

Ushahidi kwamba kalenda ndiyo uti wa mgongo ulikuja na Heroes IV mwaka 2002. Studio ileile iliamua askari wazaliwe kila siku badala ya kila juma, na majeshi yaweze kutembea bila shujaa. Kwenye karatasi, yote mawili ni maboresho: usumbufu umepungua, uhuru umeongezeka. Lakini katika kucheza kwenyewe, siku ya 7 ikawa siku kama nyingine, zile mbio za kumalizia kasri zikafifia, na kukabidhiana majeshi njiani kukakosa sababu. Heroes V ilipotoka mwaka 2006, mikononi mwa studio ya Kirusi Nival, askari walirudi kuzaliwa siku ya 1 ya juma.