Nani Anayeambiwa "Usikose"? Mwongozo wa Msafiri wa Kiswahili Ukisomwa kutoka Bunia

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wameshughulikia utenzi, riwaya, tamthilia na hata maandishi ya kanga, lakini mwongozo wa msafiri umeachwa nje ya mlango. Yaelekea huhesabiwa kuwa maandishi ya biashara tu: orodha ya mahali pa kutazama, fukwe za kupumzikia na nyumba za kulia chakula. Hata hivyo, mwongozo una msemaji wake, hadhira yake, mandhari yake na mtindo wake wa lugha, na kwa hiyo unaweza kuhakikiwa kama utanzu mwingine wowote.

Makala haya yanauchunguza utanzu huo kwa kusimama Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, kaskazini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mji huu umechaguliwa kwa sababu miongozo imeuandika kwa namna mbili tu: kama kituo cha kupitia, au kama mahali pa kuepukwa. Ni nadra sana kuandikwa kama mahali ambapo msomaji anaishi na kufungia mizigo yake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba udhaifu mkuu wa mwongozo wa Kiswahili wa leo hautokani na uhaba wa msamiati, bali unatokana na nafsi ya pili inayosemeshwa. Yule "wewe" wa mwongozo, ingawa anasemeshwa kwa Kiswahili, mara nyingi si msomaji wa Kiswahili.

2.0 Bunia kama mandhari

Mwaka 1949 Ofisi ya Utalii ya Kongo ya Kibelgiji ilichapisha kwa Kifaransa mwongozo mkubwa wa msafiri wa Kongo na Ruanda-Urundi, ambao ulifuatiwa na matoleo mengine katika miaka ya 1950. Msomaji aliyekusudiwa alikuwa mtu atokaye Ulaya, mwenye gari au uwezo wa kulikodi. Kwa msomaji wa namna hiyo, vivutio vya Ituri vilikuwa msitu, mnyama okapi, Wambuti, mapango ya Mlima Hoyo na Ziwa Albert. Kando ya mto Epulu, Mmarekani Patrick Putnam aliendesha nyumba ya wageni mpaka alipofariki mwaka 1953, na wageni walifika huko kuuona msitu na watu wake. Katika mantiki ya safari hiyo, Bunia ilikuwa mahali pa kupata kitanda na petroli kabla ya kuingia msituni. Wakazi wake, kama walitajwa, walitajwa katika nafsi ya tatu.

Baada ya uhuru mandhari hayo yaliendelea kusifiwa, ila masharti yalibadilika. Hifadhi ya Okapi iliundwa mwaka 1992, ikaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1996, na mwaka uliofuata ikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003 viliufikia mji wenyewe wa Bunia, hata Umoja wa Ulaya ukatuma majeshi huko katikati ya mwaka 2003. Tarehe 24 Juni 2012 kituo cha Epulu kilishambuliwa. Watu waliuawa, na okapi waliokuwa wakitunzwa hapo wakauawa pia. Mei 2021 serikali ilitangaza hali ya kuzingirwa katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, utawala wa kiraia ukakabidhiwa wanajeshi na polisi.

Katika kipindi hiki utanzu wa pili ukauchukua mji: tahadhari ya safari. Kwa miaka mingi wizara za mambo ya nje za nchi za Magharibi zimewashauri raia wao wasiende Ituri. Tahadhari hizo zina sababu zake, na si kazi ya mhakiki kuzikanusha. Linalohitaji kuangaliwa ni kwamba mwongozo wa kale uliosema "nenda" na tahadhari ya leo inayosema "usiende" zinamsemesha mtu yule yule, aliye mbali. Anayeishi Bunia haambiwi lolote. Hashauriwi namna ya kutoka, wala haelezwi atakachokikuta mbele. Ukimya huo ndio unaofanya swali la mwongozo lisiwe la anasa.

3.0 Urithi wa masimulizi ya safari

Ingefikiriwa kwamba Kiswahili hakina mapokeo ya kumwelekeza msafiri aendaye ugenini. Ushahidi unaonyesha kinyume chake. Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, alichapisha mkusanyo wa *Safari za Wasuaheli*. Humo Sleman bin Mwenye Chande anasimulia safari ya bara, na Selim bin Abakari anasimulia safari ya Urusi na Siberia aliyoifanya mwaka 1896 akiwa katika utumishi wa Mjerumani. Kabla yao, Amur bin Nasur, Mzanzibari aliyefundisha Kiswahili Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1890, alikuwa ameandika habari za mji huo. Naye Martin Kayamba, aliyekwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, alichapisha kitabu *Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza* mwaka 1932.

Maandishi haya yana sifa ambayo mwongozo wa leo umeipoteza, nayo ni ulinganishi. Msimulizi anapoona kitu kigeni hukipima kwa kitu cha kwao, kwa kuwa anajua msomaji wake anatoka wapi. Katika safari ya bara, njaa, hongo na tabia ya mwenyeji huhesabiwa kuwa habari muhimu kuliko uzuri wa milima, kwa sababu ndizo zitakazoamua kama msafiri atafika. Katika safari ya Siberia nafasi za mtazamaji na mtazamwa hubadilishana, kwa kuwa Selim mwenyewe ni ajabu kwa wale anaowatembelea.

Hata hivyo, urithi huu usisifiwe kupita kiasi. Masimulizi ya mkusanyo wa Velten yalikusanywa ili Wajerumani wajifunze Kiswahili, na kitabu cha Kayamba kilitolewa na wachapishaji wa Kiingereza wakati wa ukoloni. Mkubwa alikuwa akisikiliza, na mara nyingine msimulizi anaonekana kuchunga ulimi. Kwa hiyo somo la maandishi hayo lisiwe kwamba wazee walikuwa huru kuliko waandishi wa leo. Somo ni kwamba, hata chini ya sikio la mkubwa, waliweza kuyatazama mambo kwa macho ya mtu wa kwao.

4.0 Sarufi ya shauri

Neno *utalii* lenyewe lina la kufundisha. Kitenzi *talii* huhusishwa na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kusoma kwa makini. Kwa asili hiyo, mtalii ni msomaji wa mahali. Vipeperushi vya leo vya Kiswahili, ambavyo vingi vina sura ya tafsiri kutoka Kiingereza, havimpi mtalii nafasi ya kusoma, vinamwamuru. Vitenzi vyake ni vya amri na katazo: *tembelea*, *furahia*, *jionee*, *usikose*. Amri hizi hazina sharti. Zinamchukulia msomaji kuwa amekwisha kufika, ana fedha mfukoni, ana hati zote, na ana siku za kutosha. Vivumishi navyo ni vile vile kila mahali: mchanga ni mweupe, maji ni ya samawati, wenyeji ni wakarimu. Ukiondoa jina la mahali, maelezo ya ufuko mmoja yanaweza kubandikwa kwenye ufuko mwingine na hakuna atakayegundua.

Shauri la safari linalotolewa kwa mdomo katika jamii za Kiswahili hujengwa kwa namna nyingine. Nguzo yake ni kiambishi *-ki-* cha masharti: *ukifika mpakani, uulize kwanza, ukiona foleni ni ndefu, usimpe mtu hati zako, giza likiingia, lala hapo hapo*. Sentensi ya namna hii inakubali kwamba mambo hutegemea mambo. Inampa msafiri uamuzi, na inamfunga mshauri kueleza kila hali na hatua yake. Tofauti kati ya *usikose kuvuka ziwa* na *ukikuta ziwa limechafuka, usivuke* ni tofauti ya fani, lakini ni tofauti ya maadili pia. Anayeamuru hawajibiki kwa litakalotokea. Anayeweka sharti ameshiriki katika hatari ya anayemshauri.

5.0 Ufuko, mpaka na sahani

Nadharia hii inaweza kupimwa kwa mambo matatu ambayo kila mwongozo huyagusa.

La kwanza ni ufuko. Katika vipeperushi, ufuko ni mahali pa kulala juani. Nchini Kongo neno *beach*, ambalo limeingia katika mazungumzo ya kila siku, hutaja gati la kuvukia. Mfano maarufu ni Beach Ngobila mjini Kinshasa. Ni mahali pa hati, ushuru na mizigo. Watu wa Ituri wana sababu zaidi ya kulielewa neno hivyo. Mwanzoni mwa 2018 makumi ya maelfu yao walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi na mashua, wakikimbilia Uganda. Mwandishi anayemwelekeza msomaji wa Bunia kwenye ufuko bila kujua historia hiyo anatumia neno ambalo msomaji wake analielewa kwa maana nyingine.

Msomaji huyo huyo anaweza kutaka kwenda Zanzibar kupumzika, na ana haki ya shauri lenye manufaa. Ziwa alilolizoea halina kupwa na kujaa. Akifika Paje au Jambiani, mashariki mwa Unguja, saa ya maji kupwa, atakuta bahari imekwenda mbali na wanawake wako kwenye mashamba ya mwani; kuogelea kutamlazimu kungoja. Nungwi, upande wa kaskazini, maji hayaendi mbali kiasi hicho. Habari hii ina thamani kubwa kuliko sifa kumi za mchanga mweupe, nayo huachwa kwa kuwa mwandishi hakujiuliza msomaji anatoka kwenye maji gani.

La pili ni mpaka. Kwa mtu wa Bunia, ng'ambo huanzia karibu: Mahagi kwa upande wa kaskazini, au ziwani Kasenyi na Tchomia. Akiingia Uganda, saa hutangulia kwa saa moja, magari huhamia upande wa kushoto wa barabara, Kifaransa huachia Kiingereza nafasi, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano huweza kudaiwa. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini kujiunga kwa nchi hakumwelezi msafiri dirisha la kuanzia. Mambo haya ni madogo kwa anayeruka kutoka Ulaya, na ni makubwa kwa anayesafiri kwa basi.

La tatu ni chakula. Hapa ulinganishi ungerahisisha mengi, lakini vipeperushi hutaja vyakula kama maonyesho. Msomaji wa Bunia angesaidiwa zaidi kujua kwamba sombe yake Tanzania huitwa kisamvu, kwamba bugali Kampala huitwa posho na Dar es Salaam ugali, na kwamba mchana wa Ramadhani migahawa mingi ya Mji Mkongwe hufungwa, huku vyakula vya Forodhani vikiuzwa jioni. Suala la lugha linaingia hapa pia. Nassenstein na Dimmendaal, walioandika juu ya Kiswahili cha Bunia, wameonyesha kwamba wazungumzaji wa huko wana namna kadhaa za kukisema, kutoka ile inayokaribia Kiswahili sanifu hadi ile ya mitaani. Msafiri wa Bunia, basi, si mgeni wa lugha akifika pwani. Ni mwenye lugha anayehitaji kuonyeshwa maneno yanapoachana. Hakuna mwongozo wa Kiingereza uliotafsiriwa utakaomwonyesha hilo, kwa sababu haukujua kwamba yupo.

6.0 Hitimisho

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa. Yaweza kusemwa kwamba watu wa Bunia hawasafiri kwa starehe; huvuka mpaka kununua bidhaa, kutibiwa, kusoma au kunusuru maisha, na kwa hiyo mwongozo wa kutazama, kuogelea na kula nje ya nchi hauwahusu. Pingamizi hili linachukulia kwamba starehe na haja haziwezi kusafiri pamoja. Mfanyabiashara aliyekwenda Kampala kununua vitenge ana Jumapili yake. Mwanafunzi aliye Nairobi hupata likizo, na anayemsindikiza mgonjwa hula chakula mahali fulani kila siku. Mtembezi hula miguu yake, husema wahenga, na safari nyingi za Afrika Mashariki na Kongo ndivyo zilivyo: haja na matembezi katika mkoba mmoja. Mwongozo unaotenganisha mambo hayo umeiga jamii nyingine.

Kwa hiyo mwongozo wa Kiswahili hautatengenezwa kwa kubuni istilahi mpya za utalii pekee. Utatengenezwa kwa kumpa "wewe" wake makazi: ijulikane anatoka wapi, ana hati gani, amezoea maji gani na anakula nini kwao. Wanafunzi wa isimu na fasihi katika vyuo vya Bunia, kama Chuo Kikuu cha Bunia na Taasisi ya Juu ya Ualimu, wanayo malighafi mikononi, nayo ni mashauri ambayo wazazi, wafanyabiashara na madereva humpa mtu kila anapofunga safari. Yakikusanywa, yakaandikwa na kuhakikiwa kwa uzito ule ule unaopewa methali na ngano, Kiswahili kitapata mwongozo unaostahili kuitwa wa Kiswahili, na msomaji wa Bunia atakuta kwa mara ya kwanza ukurasa unaoanzia nyumbani kwake.