Kizibo cha Ndiva

Mwishoni mwa Septemba, Same mjini pakiwa pamekauka hadi vumbi limelala juu ya majani ya miti kama unga, nilipanda Bangalala kumwona mzee mmoja akiziba ndiva. Nilimkuta amepiga magoti kwenye tope, mkono wa kulia umezama hadi begani ndani ya tundu la kutolea maji. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kugeuza kichwa. Alikuwa anatafuta kwa vidole mahali palipokuwa panavuja.

Mpare haelezwi ndiva. Kwa wengine niseme tu kwamba kijito chembamba kikiachwa kiende chenyewe mchana hufia njiani, kikanywewa na mchanga kabla hakijaliona hata shina moja la mahindi. Kwa hiyo maji ya usiku, saa ambazo watu wamelala, hukusanywa kwenye bwawa dogo la mlimani, na asubuhi hufunguliwa kwa pamoja yawe na nguvu ya kufika shamba la mbali. Kwa nchi kame kama yetu, sijaona akili iliyoipita hiyo.

Kizibo chenyewe ni gogo lililochongwa, jembamba mbele, nene nyuma. Mzee alilivika majani makavu ya mgomba, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka akililowesha na kulikaza kwa kiganja. Kisha akachukua udongo wa mfinyanzi aliokuwa ameukanda tangu alfajiri. Alinipa donge nilisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Lilikuwa laini, linateleza, halina punje. Akachota jingine kutoka ndoo ya pili, akalitia mdomoni, akalisaga kwa meno ya mbele, akatema.

"Huu una mchanga. Utavuja siku ya tatu."

Akaisukuma ndoo ile kando. Gogo likaingia tunduni, akaligonga kwa jiwe mara mbili, akaacha. Nikamuuliza kwa nini asiongeze la tatu, kwa usalama.

"Mjukuu wangu, nikilikaza mno, atakayekuja kulifungua kesho atalivunja."

Nimelifikiria jibu hilo kwa majuma. Fundi yule alikuwa anafunga huku mawazo yake yako kwa anayefungua, mtu ambaye pengine si rafiki yake, ambaye zamu yake ni ya alfajiri na shamba lake liko chini kabisa.

Nilipokuwa mtoto, babu yangu alikuwa na zamu ya maji ya Jumatano. Jumanne jioni alinichukua tukalale kando ya ndiva, kwa sababu ndiva isiyolindwa huvuja kwa namna nyingi, na si zote za udongo. Tulibeba makande kwenye sufuria iliyofungwa kwa kanga ya bibi. Wazee wengine walikuja, moto ukawashwa, na hapo ndipo darasa lilipoanza, ingawa hakuna aliyeliita hivyo. Walibishana juu ya maharage yanayostahimili jua la Januari. Walisemana juu ya nani kaukata mgomba kabla ya wakati, mti gani ukipandwa kwenye chemchemi huilinda na mti gani huinyonya. Walitazama mawingu yaliyokuwa yamekaa upande wa mlima Shengena wakapima vuli itakuja lini. Mtoto aliruhusiwa kusikiliza, na akiuliza swali la maana alijibiwa kama mtu mzima. Karibu kila ninachokijua kuhusu bustani nilikipata pale, nimejifunika koti la babu, moshi machoni.

Alfajiri babu alivuta kizibo. Kwanza kulikuwa na mkoromo, kisha ngurumo. Kazi yangu ilikuwa kukimbia peku juu ya ukingo wa mfongo, yaani mfereji wa kupeleka maji, kuyatangulia maji hadi shambani nikawaambie waliokuwapo kwamba yameshafunguliwa. Nilikuwa nageuka kuyatazama. Hayakuja safi. Yalikuja yakisukuma mbele yake majani makavu, povu la kahawia, panzi na mende waliofukuzwa mafichoni, na mijusi wakiruka kushoto na kulia. Nyuma ya takataka hizo ndipo maji yenyewe yalipofuata, kimyakimya. Nikifika, mama alikuwa tayari ameshika jembe kwenye mchepuko wa kwanza.

Mifongo hiyo hakuna aliyeipima kwa chombo. Mchimbaji aliyaruhusu maji kidogo yamfuate nyuma ya jembe: yakisimama, amekosea mwinuko, yakikimbia, amekosea mteremko, na ukingo utaliwa mvua ya kwanza. Ndivyo mfongo ulivyoizunguka milima, ukipita juu ya miamba ambayo mimi leo nisingethubutu kuisogelea. Na kila mwaka kabla ya vuli baragumu lililia, msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ukaitwa, kila nyumba ikatoa mtu na jembe. Nadhani si bahati kwamba watu hao hao, mwaka 1945, waliitana kwa maelfu wakashuka Same kuipinga kodi ya mbiru. Marehemu Profesa Isaria Kimambo ametuandikia habari hiyo vizuri. Walikuwa wamezoea kuitana.

Leo kuitana kumekuwa kugumu. Ndiva moja niliyoijua tangu utoto ilijengewa saruji. Saruji si adui, imeokoa maji mengi milimani kwetu. Lakini waliojenga ile hawakulala kando yake hata usiku mmoja, wala hawakuwauliza wazee udongo ulikuwa unasogea upande gani. Ufa ulipotokea, tukasubiri fundi atoke mjini. Zamani ukingo wa udongo ukibomoka asubuhi, jioni ulikuwa umezibwa na yeyote aliyepita. Sheria ya maji ya mwaka 2009 imetuletea vibali na vyama vya watumiaji maji, na nimeona daftari la zamu lililoandikwa kwa mwandiko mzuri. Siku ya kusafisha mfongo walikuja wazee saba na akina mama. Vijana wengine walituma pesa kwa simu, wakidhani wametimiza.

Juu kwenye chemchemi nimeona mikaratusi imepandwa, mti ambao babu zetu wasingeukubali karibu na maji. Kwenye banio tulitoa chupa za plastiki zilizojaa gunia zima. Walioko juu Vudee wakiharibu, Bangalala inakauka. Bangalala ikizembea, Makanya kule tambarare wanabaki kutazama korongo tupu. Tunalijua hilo wote, na bado chupa zinashuka.

Mzee alipomaliza alinawa mikono, akaketi kwenye jiwe, tukaangalia maji yakipanda polepole ukutani. Nikamuuliza anamfundisha nani kazi hiyo. Akanionyesha gogo.

Ndugu yangu wa Upare uliyeko Arusha, Dar es Salaam au Mombasa, ukija nyumbani likizo usiishie barabara ya lami. Panda na kijana wako, mwambie avue viatu, aingie topeni aushike ule udongo. Mzee yule ametimiza miaka 81, na ndiva ile anaiziba peke yake.