Kibao cha Chuma Ndani ya Bomba

Kibao chenyewe ni kidogo, urefu wa kidole tu. Fundi hukishika kwa glavu, maana jasho la mkono latosha kuanzisha kutu. Hukipima kwa mizani inayosoma hadi sehemu moja ya elfu kumi ya gramu, huandika namba, kisha hukitundika ndani ya bomba la maji ya kupozea mitambo. Miezi mitatu baadaye hukitoa, hukiosha kwa asidi iliyotiwa dawa ili ile kutu iondoke bila chuma kizima kuguswa, na kukipima tena. Gramu zilizopungua humwambia kiasi ambacho bomba nalo linaliwa kwa mwaka.

Napenda kazi hii kwa sababu haina papara. Dawa iitwayo nitraiti, ikitiwa kwenye maji yanayozunguka, hukifanya chuma kijijengee utando wenye unene wa sehemu chache za milioni za milimita. Ila inataka kipimo kamili. Ikipungua, utando hubaki na matundu, na kutu ambayo ingesambaa bomba zima hukusanya nguvu zake hapo hapo. Bomba ambalo lingechakaa polepole hutoboka mapema. Dawa nusu yaweza kudhuru kuliko kukosa dawa! Tena wapo bakteria wanaoila nitraiti hiyo, kwa hiyo fundi hachoki kuchota maji na kuyapima upya.

Mji wa Flint, Michigan, ulionyesha thamani ya kazi hii ilipokosekana. Aprili 2014 ulihamia maji ya mto bila kutia fosfati, dawa iliyokuwamo katika maji ya Detroit uliyoyatumia awali. Oktoba mwaka huo kiwanda cha injini cha General Motors kiliyakataa maji hayo kwa kuwa yalikuwa yakila vipuri vyake. Majumbani, utando wa mabomba ya risasi ulibanduka na risasi ikaingia kwenye maji ya kunywa ya watoto. Oktoba 2015 mji ulirudi kwenye maji ya Detroit, na Desemba ukaanza kuongeza fosfati ili utando ujengeke upya.

Mkuu wa kiwanda, kabla hujaifuta dawa ya kutu kwenye bajeti, mwombe fundi wako akuonyeshe kibao chake.