Picha ya Mlima ya Humboldt

Mwaka 1807 mtaalamu wa Kijerumani, Alexander von Humboldt, alichapisha mjini Paris kitabu juu ya mimea, pamoja na picha kubwa ya mlima Chimborazo ulioko Ecuador. Mlima huo una kimo cha zaidi ya mita 6,200, naye na mwenzake Aimé Bonpland waliupanda Juni 1802 bila kukifikia kilele. Michoro mingi ya milima iliyomo katika vitabu vyetu vya jiografia ni wajukuu wa picha hiyo. Kwa hiyo yafaa tuipime sawasawa.

Sifa yake kubwa ni uwazi. Upande mmoja wa mlima umetiwa rangi za misitu na theluji. Upande wa pili umeandikwa majina ya mimea, kila jina mahali pa kimo chake. Pembeni zimo safu za hesabu za joto, unyevu na hewa. Msomaji huona mara moja kwamba miti ina mpaka, na juu ya mpaka huo hubaki vichaka, nyasi, kisha mawe na theluji.

Lakini kasoro yake imezaliwa na sifa hiyo hiyo. Picha hupanga kila kitu kwa kimo, kana kwamba mlima ni ngazi. Mti hauhesabu mita. Leo twajua kwamba miti hukoma karibu na mahali ambapo wastani wa joto la majira ya kukua ni nyuzi 6 hivi za sentigredi. Penye baridi zaidi ya hapo mti hauwezi kukuza shina lake. Kichaka kifupi hupata joto la ardhi iliyopigwa na jua; mti umesimama katika upepo.

Maziwa ya mlimani yaonyesha upungufu mwingine. Mengi yamo katika mashimo yaliyochimbwa na barafu ya kale, kama Ziwa Michaelson katika Mlima Kenya, karibu na mita 4,000. Usiku hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama katika mabonde. Ndiyo maana katika milima mingine miti hukosekana bondeni ikaota ubavuni, juu zaidi. Ngazi ya Humboldt haina nafasi ya jambo hilo.

Kosa zito zaidi lilifichuliwa baadaye. Mwaka 2015 watafiti waliofuata kipimo cha Humboldt walitangaza kwamba mimea ya Chimborazo imepanda zaidi ya mita 500 tangu siku zake. Mwaka 2019 wengine walichunguza maandishi yake, wakaona kuwa mimea mingi ya sehemu za juu ilikusanywa katika mlima mwingine, Antisana. Walipohesabu upya, mimea ilikuwa imepanda kweli, kwa sababu ya dunia kuzidi joto, lakini si kwa kiasi kile. Picha iliyounganisha milima miwili ilikuwa imeshikwa kama shahidi wa mlima mmoja.

Hata hivyo, Humboldt alitufundisha kuitazama mimea pamoja na hewa inayoilea, na fundisho hilo halijachakaa. Picha yake yastahili kubaki darasani, mradi mwanafunzi aulize kila jina lililoandikwa juu yake lilipimwa wapi.