Mizani ya Kidole: Michezo ya Mdundo, Enanga na Vijana wa Kagera

Sisi watu wa pwani tumelelewa katika kuhesabu ushairi kwa vidole. Nilipokuwa skuli, mwalimu wetu alitusimamisha mbele ya darasa na kututaka tuuseme mshororo huku tukikunja kidole kimoja kwa kila silabi: nane za ukwapi, nane za utao, na ole wake aliyefika mwisho akiwa na kidole kimoja kimebaki wazi. Sikudhani kuwa siku moja ningeuona mkono ule ule ukihesabu juu ya kioo cha simu, mjini Bukoba, kando ya ziwa badala ya bahari, wala kuwa mwenye mkono huo angenipa juu ya mizani hoja ambayo sikuipata katika vitabu.

Naomba kwanza nimweleze msomaji asiyeijua michezo yenyewe. Katika michezo ya mdundo, muziki hupigwa na alama hushuka au hupita kwenye kioo: mishale, vigae, vidoti vya rangi. Mchezaji hutakiwa aguse mahali palipowekwa, kwa wakati uliowekwa. Akiwahi au akichelewa, hukatwa pointi; akikosa mara nyingi, wimbo hukatika na mchezo huisha. Wajapani ndio waliouvumisha mtindo huu. *PaRappa the Rapper*, kazi ya Masaya Matsuura, ilitoka mwaka 1996. *Dance Dance Revolution* ya kampuni ya Konami, ambayo huchezwa kwa miguu, ilitoka mwaka 1998. Mwaka 2005 Wamarekani wakaleta *Guitar Hero*, yenye gitaa la plastiki lenye vitufe vitano vya rangi, na kwa miaka michache dunia ikarukwa na akili. Kisha, mwaka 2014, ukaja mchezo mdogo wa simu uitwao *Piano Tiles*. Huo na ndugu zake wengi waliouiga ndio uliofika Bukoba na Muleba, kwa sababu hautaki mashine wala televisheni. Vibanda vya gemu vya huko, kama vya Darajani kwetu, vimetawaliwa na kandanda. Mdundo huchezwa pembeni, kwenye simu, na anayesubiri zamu yake, au dereva wa bodaboda asiye na abiria.

Nilikaa na vijana hao siku kadhaa, mjini na kisha Muleba, nikawauliza wanaionaje michezo hiyo. Maoni yao yalitofautiana kuliko nilivyotarajia. Mmoja aliisifu kwa haki yake. Gemu, alisema, haijui wewe ni mtoto wa nani. Kwaya humweka mbele yule ambaye baba yake ni mzee wa kanisa, na bendi ya harusi humpa kipaza sauti mwenye gari. Kigae hakina mjomba. Nilicheka, ila hoja hiyo si ya kuchekwa. Aliyepata kukaa katika mashindano ya mashairi, akamwona mshindi akijulikana kabla ya shairi la kwanza kusomwa, anajua maana ya hakimu asiye na jamaa.

Wa pili, wa Muleba, aliipinga haki hiyo hiyo, na ushahidi alikuwa nao mkononi. Simu yake ni ya bei ndogo, na sauti huchelewa kutoka baada ya kidole kugusa. Akivaa hedifoni za Bluetooth, ucheleweshaji huongezeka na unaweza kupita sehemu ya kumi ya sekunde. Msomaji aseme: sehemu ya kumi ni kitu gani? Katika wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo zima ni nusu sekunde tu. Sauti ikichelewa kwa sehemu mbili za kumi, hilo si mbali na nusu ya pigo, na mpiga dumbaki aliyechelewa kiasi hicho katika kidumbak angenyang'anywa ngoma. Michezo mingine humruhusu mchezaji kurekebisha tofauti hiyo. Mingi ya ile ya bure haina urekebishaji wowote. Kijana huyu alikuwa ameipata dawa yake. Huzima sauti kabisa, akacheza kwa macho. Nilimtazama akimaliza wimbo mzima katika ukimya, vidole vikiruka, akapata pointi nyingi kuliko alizowahi kupata akiwa anasikia.

Sijapata kuona hukumu nzito zaidi juu ya mchezo wa muziki kuliko huo ushindi wa bubu. Mchezo unaodai kupima sikio humlipa zaidi mtu aliyeziba masikio. Nami nikawakumbuka wanafunzi wangu, na baadhi ya washairi wetu wa magazetini, ambao mashairi yao yana mizani kumi na sita kila mshororo, vina vimelala sawasawa kama mawe ya msingi, na ukiyasoma kwa sauti hayaimbiki. Wameyatunga kwa macho.

Maoni ya tatu ndiyo yaliyonirudisha Bukoba mara ya pili. Yalitoka kwa kijana anayepiga ngoma kanisani, na ambaye babu yake alikuwa akisikiliza enanga. Kosa la gemu, alinieleza, ni kwamba inajua jibu moja. Nyumbani kwao ngoma moja ikienda kwa tatu, nyingine huenda kwa mbili, na uzuri upo pale zinapogombana kisha zikapatana. Mpigaji hujaza nafasi iliyoachwa na mwenziwe. Gemu humwachia nafasi, lakini akiijaza humhesabia kosa.

Enanga, kwa msomaji asiyewahi kuiona, ni ubao mrefu uliochimbwa kidogo kama chano, wenye meno pande mbili, na uzi mmoja mrefu hupitishwa kwenda na kurudi juu yake hata ukawa kama nyuzi kadhaa. Mwimbaji huupakata au huulaza mbele yake, akapiga huku akisimulia habari za watawala, mashujaa, na Mugasha, mwenye ziwa na mvua. M. M. Mulokozi, mzaliwa wa huko, aliitafiti sanaa hii kwa shahada yake ya uzamivu miaka ya 1980, na mwaka 1997 akachapisha makala juu ya Habibu Selemani, mwimbaji wa enanga aliyefariki mwaka 1993, akimwita malenga wa mwisho. Jina hilo limebeba huzuni, na pengine lilikuwa na haraka kidogo, maana enanga ingali ikisikika. Hata hivyo, nilipowauliza vijana wa vibandani ni nani kati yao awezaye kuifunga nyuzi enanga, walitazamana.

Mulokozi huyo huyo ndiye aliyeandika na K. K. Kahigi *Malenga wa Bara* (1976) na *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu* (1979), vitabu vilivyotuudhi sana sisi wa visiwani na mrima. Walisema vina na mizani si roho ya ushairi. Wazee wetu, waliokuwa wamelala na *Sheria za Kutunga Mashairi* ya Kaluta Amri Abedi ya mwaka 1954 chini ya mto, walijibu kwamba hao ni watu wa bara, hawana jadi ya ushairi, ndiyo maana wanaivunja ya wenzao. Nami niliyasema hayo, tena kwa ukali. Leo nayaona kuwa ni dhuluma. Mtu aliyekulia karibu na enanga hakuwa mtu asiye na jadi. Kihaya ni lugha ya toni, na irabu yake ndefu na irabu yake fupi hutenga maana. Kuhesabu silabi kwa vidole, kama tufanyavyo katika Kiswahili kisicho na toni, kungemwachia mwimbaji wa enanga mifupa mitupu. Yeye hupima kwa uzi, kwa pumzi, na kwa wale wanaomwitikia. Aliyezoea kipimo hicho akaambiwa kwamba ushairi ni nane kwa nane, atajihisi kama yule mpiga ngoma mbele ya vigae.

Sitaki lakini nidhaniwe nimeiacha bahari. Jadi yetu wenyewe haikuwa vigae. Shairi lilitungwa ili liimbwe kwa mahadhi, na mwimbaji mzuri huivuta silabi, akaichelewesha, akaiangusha nyuma ya pigo, na hapo ndipo wasikilizaji wa taarab huinuka kwenda kumtunza. Atunzwaye ni yule aliyejua pa kuchelewa. Tulioifanya mizani kuwa gemu ni sisi walimu, kwa vidole vyetu na kalamu zetu nyekundu.

Je, michezo yenyewe haina njia nyingine? Inayo, na hili halisemwi vya kutosha na wanaoisifu wala wanaoibeza. Katika *PaRappa*, mchezo ulio mzee kuliko wote niliowataja, mchezaji hurudia maneno ya mwalimu wake, na mwalimu wa kwanza, nisamehewe, ni kitunguu. Akirudia sawasawa hufaulu, lakini hafiki daraja ya juu. Ili aifikie hana budi kuongeza yake, acheze na pigo badala ya kulitii. Na akiifikia, mwalimu huondoka, mwanafunzi akabaki peke yake na wimbo. Wachezaji wengi waliulalamikia mchezo huo kwamba haueleweki unahesabu vipi. Malalamiko hayo ni ya kweli, nami niliyapata nilipoucheza: hujui kwa nini umepanda wala kwa nini umeshuka. Nauliza tu, ni lini mshairi aliwahi kuambiwa kwa hesabu kwa nini shairi lake limependeza? *Guitar Hero*, iliyokuja baadaye na kuuza zaidi, iliondoa utata huo. Kila noti ina kitufe chake. Mfululizo huo ulisimamishwa mwaka 2011, watu wakiwa wamechoka na magitaa ya plastiki.

Watunzi wa kujitegemea, wanaofanya kazi wawili watatu bila kampuni kubwa nyuma yao, ndio walioirudia mada kwa akili. *Thumper* ya mwaka 2016 ilitengenezwa na watu wawili, mmoja wao mpiga besi wa bendi ya kelele, nayo imeufanya mdundo kuwa tishio, naiheshimu, siipendi. *Crypt of the NecroDancer* ya mwaka 2015 naipenda. Mchezaji hutembea katika mapango, naye hana ruhusa ya kupiga hatua ila juu ya pigo la muziki wa Danny Baranowsky. Majini nayo huhama kwa pigo hilo hilo. Katika kompyuta mchezaji aweza kuuingiza wimbo wake mwenyewe. Niliicheza kwa mpwa wangu hapa Unguja, nikafa mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, hata mpwa akanionea huruma akanichagulia mhusika mwingine, ambaye halazimiki kulifuata pigo: akisimama yeye, pango zima husimama likimngoja. Jina la mhusika huyo ni Bard, yaani malenga. Waliomwita hivyo sijui kama walifikiri sana. Wachezaji hodari humdharau, wakisema ni mhusika wa wanaojifunza. Mimi nadhani ndiye pekee mle ndani aliyekaa na mwimbaji wa enanga.

Wako wanaonishauri niandike kwamba suluhisho ni kutengeneza gemu ya enanga, vijana wa Kagera waipakue, na jadi ipone. Njia si ngumu kama ilivyokuwa. *Friday Night Funkin'* ya mwaka 2020 ilitolewa na msimbo wake wazi, na wachezaji duniani wameitilia nyimbo zao kwa mamia. Nilimpelekea wazo hilo yule mpiga ngoma. Hakulipenda, na sababu yake nimeikubali. Wimbo wa enanga ukitiwa humo utatiwa mara moja, kwa namna alivyouimba mtu mmoja siku moja, na kuanzia hapo kila atakayeuimba tofauti atakuwa amekosea. Alinitajia Saida Karoli. Nyimbo zake za Kihaya zilienea nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaujenga wimbo wao *Salome* juu ya ule wake wa *Maria Salome*. Kwa hilo hakulalamika; wimbo kuchukuliwa na kugeuzwa ndiyo kazi ya wimbo, mradi mwenyewe akumbukwe. Alilolihofia ni wimbo kuchukuliwa na kukatazwa kugeuka.

Hapo tuliachana kidogo, kwa maana mimi naona hofu yake inakihusu pia kitabu, na kaseti, na sahani za santuri alizoingiza Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, ambazo tunazishukuru. Kilichoandikwa huganda, na waimbaji wakaendelea kukigandua. Lakini kitabu hakimkatii msomaji pointi.

Siku ya kuondoka, yule wa Muleba alinisindikiza mpaka stendi. Gari lilichelewa. Alitoa simu, akazima sauti kama kawaida yake, akaanza kucheza. Na kwa kuwa palikuwa kimya, nilisikia ncha za vidole vyake zikigonga kioo. Hazikwenda na wimbo wowote ninaoujua. Baada ya muda mwanamke aliyekaa na kikapu cha ndizi mbele yetu alianza kuzifuata kwa kucha, taratibu, ubavuni mwa kikapu, akiweka lake katikati ya mawili yake. Kijana aliinua macho kutazama sauti inatoka wapi, kigae kikampita.

Mchezo ukakatika. Hakuuanza tena; aligonga kwa kidole ubao wa benchi, akangoja.